Tairi halipasuki ghafla

Iko sentensi moja ambayo kila mtu aliyefanya kazi katika ofisi ya umma amepata kuisoma, na yumkini amepata kuiandika kwa mkono wake mwenyewe. Hupatikana katika taarifa za ajali, nayo husema hivi: "Gari lilipasuka tairi ghafla, dereva akashindwa kulimudu." Baada ya maneno hayo huwekwa nukta, jalada hufungwa, na kila mmoja hurejea kwenye shughuli zake akiwa ametosheka. Hakuna aulizaye tairi lile lilikuwa na umri gani, lilikuwa na upepo kiasi gani asubuhi ile, lilibebeshwa mzigo gani, wala ni nani aliyelitazama kabla ya safari. Tairi hushitakiwa, huhukumiwa na kutupwa nyuma ya karakana, na sisi wengine wote hutoka tukiwa safi.

Makala haya yanakusudia kuipinga sentensi hiyo. Siipingi kwa kuwa mimi ni fundi wa magari, maana sikupata kuwa fundi. Nilikuwa mwalimu, kisha afisa wa elimu, hadi nilipostaafu. Naipinga kwa sababu nimepata kuitia sahihi nikijua ya kuwa si kweli.

Ilikuwa mwezi Oktoba mwaka 2018. Tulikuwa tunatoka Dodoma kwenda Iringa kwenye semina ya walimu wakuu, watu tisa katika gari moja la ofisi aina ya Land Cruiser, na juu ya paa tumefunga maboksi ya vitabu. Tulipanga kuondoka saa kumi na moja alfajiri, lakini hadi saa kumi na mbili na nusu tulikuwa bado tunangojana. Kabla ya kupanda, dereva wetu alilizunguka gari, akasimama kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, akalipiga teke mara mbili, akaniambia, "Mzee, hili limelegea. Tupitie kwenye pampu tuongeze upepo." Nikatazama saa. Mgeni rasmi alikuwa afungue semina saa nne, nami ndiye niliyepangiwa kumkaribisha. Nikamjibu, "Tutaongeza mbele ya safari." Yeye alikuwa mtu wa cheo cha chini, na mimi nilikuwa mkuu wa msafara. Akasema, "Sawa, Mzee," akaingia, akawasha gari.

Hatukuongeza. Mbele ya safari hapakuwa na nafasi ya kusimama, maana tulikuwa tukiifukuza saa. Tulipokwisha kulipita bwawa la Mtera tulisikia mlio kama wa bunduki, na papo hapo nyuma ya gari ikaanza kutupwa huku na huko. Dereva alikanyaga breki kwa nguvu. Gari liliyumba kulia, likayumba kushoto, likaacha lami, likalala ubavu.

Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Lakini mwalimu mkuu mmoja, mama wa makamo, alivunjika bega la kulia. Mfupa uliunga, ila mkono haukurudia hali yake ya kwanza. Hadi alipostaafu hakuweza tena kuuinua juu ya kichwa. Miaka yake ya mwisho kazini alifundisha akiandika kwenye nusu ya chini ya ubao tu. Wiki iliyofuata taarifa iliandikwa. Ilikuwa na sentensi ile ile. Niliisoma, nikaitia sahihi, na jalada likafungwa.

Kibebacho gari ni upepo

Tangu siku hiyo nimejitahidi kujifunza habari za tairi, jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla ya kuwa mkuu wa msafara wowote. La kwanza nililojifunza ni hili: gari halibebwi na mpira, gari hubebwa na upepo. Mpira ni mfuko tu wa kuushika upepo huo. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyekuwa akiishi Belfast, aliyepata hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1888, hakuanza na gari. Alitaka baiskeli ya mwanawe isimtikise sana barabarani. Siri ya kazi yake ilikuwa ule upepo uliofungiwa ndani. Kwa hiyo, tairi lenye upepo pungufu ni sawa na daraja lililopunguzwa nguzo. Bado limesimama, lakini si daraja lile lililokusudiwa.

La pili nililojifunza ni kwamba muuaji mkubwa wa tairi ni joto, na kwamba joto hilo hutoka ndani ya tairi lenyewe kuliko linavyotoka juani. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua mara nyingi. Utakiona kinapata moto, na mwisho kinakatika. Tairi nalo ni hivyo hivyo. Kila linapozunguka, ubavu wake hukunjwa pale unapokutana na barabara, kisha hukunjuka. Gurudumu la gari kama lile letu, likienda kilomita 80 kwa saa, huzunguka zaidi ya mara 500 kwa kila dakika moja. Katika safari ya saa tatu ubavu ule hukunjwa na kukunjuliwa mara laki moja hivi. Tairi likiwa na upepo wa kutosha, mkunjo ni mdogo na joto lake hupotea njiani. Upepo ukipungua, mkunjo huwa mkubwa, joto hulimbikizana, gundi iliyoshikanisha mpira na nyuzi huanza kuachia, na nyuzi zenyewe hukatika moja baada ya moja. Hayo yote hutendeka kimyakimya. Ule mlio tunaousikia ni mwisho wa habari, nasi huuita mwanzo.

Ndiyo maana nasema tairi halipasuki ghafla. Liko tairi moja katika mengi litakalokutana na chuma au jiwe kali na kuchanika papo hapo, hilo silikatai. Lakini yaliyo mengi huwa yamekwisha kufa saa kadhaa, au siku kadhaa, au hata miezi kadhaa kabla ya kupasuka, na kila siku hutuonyesha dalili zake nasi hatutazami.

Tairi ni daftari

Walimu watanielewa nikisema kwamba tairi ni kama daftari la mwanafunzi: ajuaye kusoma ataona humo kila kosa. Ukiona kashata, yaani yale matuta ya mpira yanayoshika barabara, zimekwisha pembeni pande zote mbili na katikati bado zimo, ujue tairi hilo limekuwa likiendeshwa na upepo pungufu. Ukiona katikati kumekwisha na pembeni kuzima, upepo umezidi. Ukiona upande mmoja tu ndio uliolika, basi magurudumu hayakunyooka sawasawa na yanahitaji kupimwa na kurekebishwa. Na ukipitisha kiganja juu ya tairi ukahisi mabonde na vilima, shuku shokomzoba zilizokufa au gurudumu lisilo na balansi. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo linalohitaji mtambo. Yahitaji jicho, kiganja na mtu wa kujali.

Kina cha kashata nacho kina kipimo. Nchi nyingi zimeweka milimita 1.6 kuwa mwisho kabisa, na watengenezaji wa matairi huweka vituta vidogo ndani ya mifereji ili kashata zikishuka hadi hapo mtu aone. Mifereji ile kazi yake ni kuyatoa maji. Tairi lililokuwa kipara, siku ya mvua, haliigusi lami; huteleza juu ya maji kama mtumbwi, na hapo usukani na breki havina kazi tena.

Lakini kashata pekee hazitoshi kumwambia mtu ukweli, na hapa narudi kwenye tairi letu la Mtera. Siku chache baada ya ajali fundi mmoja alinionyesha mabaki yake. Kashata zake zilikuwa nzuri mno, karibu kama za dukani. Kisha akaufuta vumbi ubavu wake na kunionyesha tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 3810. Akanieleza kwamba tarakimu mbili za mwanzo ni juma la mwaka na mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Tairi lile lilitengenezwa katika juma la 38 la mwaka 2010. Kwa miaka mingi lilikuwa tairi la akiba, limening'inizwa nyuma ya gari, likipigwa na jua la kila siku bila kutembea hata kilomita moja. Lilipoingizwa kazini kila mtu alilifurahia kwa kuwa lilionekana jipya. Kumbe mpira huzeeka hata usipotumika: hukauka, hukakamaa, na hufanya nyufa ndogo ubavuni. Watengenezaji kadhaa hushauri kwamba tairi likipita miaka mitano kazini lichunguzwe na fundi walau mara moja kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata kama kashata zingalimo.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi unayekaa katika kamati ya mapokezi ya vifaa, usitie sahihi kwa kuhesabu tu kwamba matairi manne yameagizwa na matairi manne yameletwa. Inama usome tarakimu. Tairi lililolala ghalani miaka sita ni bidhaa iliyokwisha kuliwa nusu, na wewe unailipia bei nzima. Mwenye kununua matairi yaliyotumika ng'ambo, akavutiwa na urahisi wake, naye asome tarakimu hizo hizo kabla ya kutoa fedha.

Upepo, mzigo na mwendo

Liko kosa moja linalotendwa na watu wengi wenye nia njema. Gari likisimama baada ya safari ndefu, dereva hupima upepo, akaona geji inaonyesha 40 mahali pa 35, naye akaupunguza ili urudi sawa. Amekosea. Upepo huongezeka kwa sababu ya joto la mwendo, na watengenezaji walikwisha kulijua hilo walipoweka kipimo chao. Kesho yake asubuhi, tairi likiwa limepoa, litakuwa pungufu. Upepo hupimwa asubuhi kabla gari halijatembea. Kipimo chenyewe hakisomwi ubavuni mwa tairi, maana kile cha ubavuni ni kikomo cha juu kabisa. Husomwa katika kibandiko kilichomo kwenye mlango wa dereva au katika kitabu cha gari. Aghalabu kibandiko hicho kina vipimo viwili, kimoja cha gari tupu na kingine cha gari lililojaa. Sisi tulikuwa tisa na maboksi juu, lakini hatukuwa na habari hata na kimoja.

Mwendo nao huongeza hesabu. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa lina nguvu ya kwenda mbele inayozidi kwa zaidi ya nusu ile ya gari hilo hilo likienda kilomita 80. Mkuu wa msafara anayesema "ongeza mwendo tumechelewa" hana budi ajue kwamba anaongeza joto la matairi, anaongeza umbali wa kusimama, na anaongeza ukubwa wa ajali endapo itatokea, yote kwa neno moja.

Na likipasuka je? Kanuni ni fupi, na kila dereva wa umma angepaswa kuifanyia mazoezi: shika usukani kwa mikono miwili kwa nguvu, usikanyage breki, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, acha gari lipungue mwendo lenyewe, kisha lisogeze pembeni. Kukanyaga breki kwa ghafla huzidi kuliyumbisha gari lililokwisha kupoteza tairi. Dereva wetu hakuwa mzembe. Alifanya lile ambalo mtu yeyote asiyefundishwa angelifanya. Na asiyefundishwa, kosa si lake peke yake.

Fundi wa pancha chini ya mwembe

Tusiwasahau mafundi wetu wa pancha walioko kila kituo cha mabasi. Kazi yao ni ya heshima, na nani kati yetu hajaokolewa nao usiku? Lakini mwenye gari ajue mipaka ya kiraka. Tundu la msumari lililo katikati ya kashata, lisilozidi milimita 6 hivi, huzibika vizuri endapo tairi litavuliwa, likatazamwa ndani, na kiraka kikabandikwa kwa ndani. Kamba ya mpira inayochomekwa kutoka nje bila kulivua tairi ni msaada wa kukufikisha, si dawa ya kukaa nayo mwaka mzima. Na tundu la ubavuni halina kiraka. Ubavu ndio unaokunjwa mara zile laki moja. Kiraka hakiwezi kuvumilia kazi hiyo, wala tyubu iliyotiwa ndani ili kuficha kidonda. Anayekuambia vinginevyo anakupenda kwa siku moja tu.

Kadhalika, gurudumu likirudishwa, nati zikazwe kwa kupishana, si kwa kufuatana, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Na tairi la akiba lipimwe upepo kama mengine. Ni gari ngapi za umma zinazotembea na akiba isiyo na upepo, jeki isiyonyanyuka, na spana ya magurudumu iliyoazimwa tangu mwaka juzi ikakosa kurudishwa?

Ugonjwa ni mmoja

Nimezungumzia tairi kwa kuwa ndilo lililonifundisha, lakini ugonjwa ni ule ule katika viungo vyote vya gari. Gari likichemka tunalaumu mlima, ilhali maji ya rejeta hayajatazamwa kwa mwezi, na badala ya maji yenye dawa ya kuzuia kutu tumekuwa tukitia maji ya mfereji wowote tuliokutana nao. Kutu na magadi huziba mishipa ya rejeta, kisha fundi asiye na subira huing'oa themostati akidhani ndiyo adui. Toka hapo injini hufanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi na kula mafuta zaidi kila siku. Injini ikikwama tunalaumu ugeni wa gari, ilhali kijiti cha oili hakijachomolewa tangu safari ya mwisho. Breki zikizama tunalaumu mteremko, ilhali mafuta ya breki, ambayo kwa asili yake hunyonya unyevu wa hewa, hayajabadilishwa tangu gari liletwe; na mafuta yenye maji huchemka breki zinapopata moto mteremkoni, kisha mguu huzama hadi sakafuni. Chujio la hewa nalo, katika barabara zetu za vumbi, huziba upesi kuliko kitabu cha gari kinavyodhani, maana kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya vumbi letu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika magari ya umma sisi hungoja ukuta uanguke, kisha tukaandika kwamba uliangushwa na upepo.

Kisingizio cha fedha

Najua jibu litakalotolewa, kwa kuwa mimi mwenyewe nimelitoa mara nyingi: fedha hazipo. Kasma ya matengenezo ni ndogo, fungu huchelewa kufika, dokezo huzunguka meza nne kabla ya kuidhinishwa. Hayo ni kweli, na si haki kumlaumu mkuu wa shule au mkuu wa idara kwa fedha ambazo hakupewa. Lakini tuyatenganishe mambo. Kununua matairi kunahitaji fedha. Kujaza upepo, kutazama maji, kuchomoa kijiti cha oili, kung'oa mawe madogo katika mifereji ya tairi, kukaza nati, kupunguza mzigo na kupunguza mwendo, hayo hayahitaji kasma. Geji ya upepo ni kitu kidogo kiingiacho mfukoni, na bei yake ni ndogo kuliko posho ya siku moja ya safari.

Zaidi ya hayo, asiye na fedha ndiye hasa apaswaye kutunza. Tulipata kuwa na kiwanda chetu cha matairi mjini Arusha, General Tyre, kilichoanza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kiliposimama mwaka 2009 tulibaki kutegemea matairi yaletwayo kwa meli na kulipiwa fedha za kigeni. Kila tairi tunaloliua kwa upepo pungufu kabla ya wakati wake ni fedha ya kigeni tuliyoitupa barabarani, fedha ambayo ingenunua dawa au vitabu. Mali bila daftari huisha bila habari. Na katika magari yetu daftari lipo, lakini huandikwa kilomita na majina ya safari tu, hali ya gari ikaachwa tupu.

Serikali iliunda Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, mwaka 2005, na miongoni mwa kazi zake ni kuyatengeneza magari ya umma. Lakini karakana yoyote, hata iwe na mafundi hodari namna gani, huliona gari mara chache kwa mwaka. Wenye kuliona kila asubuhi ni sisi. Kadhalika kila mwaka huwa na Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, na magari hukaguliwa yakabandikwa stika. Ni jambo jema. Ila stika hubandikwa kwenye kioo. Haiwezi kushuka usiku kwenda kujaza upepo.

Neno la dereva

Sasa nifike kwenye lile ambalo kwangu ni kiini cha mambo yote. Asubuhi ile hapakukosekana ujuzi. Dereva alijua. Alilizunguka gari, akaliona tairi, akasema. Hapakukosekana fedha wala pampu, maana pampu ilikuwa njiani mwetu. Kilichokosekana ni mamlaka: mwenye ujuzi hakuwa na sauti, na mwenye sauti hakuwa na ujuzi. Katika ofisi zetu dereva huitwa kwa kengele, hungoja nje ya vikao, na hula baada ya wengine. Mtu tuliyemzoeza hivyo miaka 20, tutatakaje siku moja asimame mbele ya mkuu wake na kusema, "Gari hili haliondoki"?

Hivyo pendekezo langu la kwanza ni kwamba kila ofisi iweke kanuni iliyoandikwa na kubandikwa ukutani: juu ya uzima wa gari, neno la dereva ni la mwisho, na asiwepo afisa wa cheo chochote wa kulitangua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe zima kabla ya kuingia barabarani, haikusema "isipokuwa mgeni rasmi akiwa anangoja." Kanuni hiyo imlinde dereva anayekataa, na kwa upande wa pili imbane dereva asiyekagua, kwa kuwa haki na wajibu ni ndugu.

La pili, kitabu cha safari kiwe na mstari wa kila asubuhi: upepo wa magurudumu yote pamoja na la akiba, maji, oili, mafuta ya breki, taa. Dereva aandike na kutia sahihi, na mkuu wa msafara naye atie sahihi chini yake. Nimekaa ofisini muda wa kutosha kujua kwamba sahihi ya pili ndiyo humwamsha mtu.

La tatu, taarifa ya ajali isikubaliwe ikiishia kwenye maneno "tairi lilipasuka." Ielezwe juma na mwaka wa kutengenezwa tairi hilo, kina cha kashata zake, upepo ulioandikwa asubuhi, idadi ya abiria na mzigo. Sentensi ile iwe mwanzo wa uchunguzi, isiwe kaburi lake.

Na la nne ni lako wewe, mwalimu au mtumishi unayepanda gari usilolimiliki, liwe la ofisi, liwe basi, liwe gari la kukodi la kuwapeleka wanafunzi kwenye michezo. Kabla hujakalia kiti, lizunguke. Tazama magurudumu manne na la tano. Ukiona nyuzi, ukiona kipara, ukiona ubavu umevimba kama jipu, sema. Sema kwa adabu, lakini sema, hata kama wenye haraka watakuona mwoga. Usingoje mwenye cheo aseme. Yawezekana yeye anatazama saa.

Siku ile semina ilifunguliwa bila sisi. Mgeni rasmi alikaribishwa na mtu mwingine, akasoma hotuba yake, akaondoka, na hakuna lililoharibika kwa kutokuwapo kwangu. Kujaza upepo kungetuchukua dakika tano. Nimeukumbuka mlinganyo huo kila nilipomwona mwenzetu yule akisimama mbele ya darasa, chaki mkononi, akiliandika somo lake lote katika nusu ya chini ya ubao.